Beryl Markham: Rubani aliyenusurika ajali ya Voi, akavuka Atlantiki dhidi ya upepo

Kutoka Nairobi hadi New York ni karibu kilomita 11,800 angani. Ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways, iliyoanza safari hiyo Oktoba 28, 2018, huchukua kama saa 15 kwenda. Kurudi huchukua kama saa 14. Miji ni ile ile, umbali ni ule ule, na ndege ni ile ile. Sasa hiyo saa moja huenda wapi?

Mwanafunzi yeyote wa Mbololo aliyefunzwa hesabu za mwendo atakuambia ugawe umbali kwa kasi upate muda. Hesabu hiyo ni sawa kabisa kwa matatu inayotoka Voi kwenda Mwatate. Angani ni hadithi nyingine. Kule juu hata hewa yenyewe inasafiri, na ikija kinyume chako inakula saa zako na mafuta yako.

Mwanamke mmoja aliyelelewa Njoro aliijua hesabu hii kwa njia ngumu. Jina lake ni Beryl Markham. Mwaka wa 1936 aliruka peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini, usiku kucha, uso kwa uso na upepo, na akawa mwanamke wa kwanza kufanya hivyo bila kutua njiani. Miaka mitano kabla ya hapo angeweza kufa Voi, upande wa chini wa milima hii ya Taita, kama angekubali mwaliko wa rafiki yake.

Mtoto wa Njoro

Beryl alizaliwa Oktoba 26, 1902, Ashwell nchini Uingereza. Alipokuwa na umri wa miaka minne hivi, babake, Charles Clutterbuck, alimleta Afrika Mashariki. Wakati huo safari ya meli kutoka Uingereza hadi Mombasa ilikuwa ya majuma kadhaa, kisha unapanda gari la moshi kuelekea bara. Reli hiyo ilipita Voi, basi inawezekana kabisa kwamba mara ya kwanza msichana huyu kuiona nchi ya Wataita ilikuwa kupitia dirisha la treni.

Babake alikuwa mfugaji na mkufunzi wa farasi. Alianzisha shamba Njoro, karibu na Nakuru. Mamake hakuyaweza maisha hayo, akarudi Uingereza na kaka yake Beryl. Msichana akabaki na baba, farasi na mbwa.

Malezi yake hayakufanana na ya watoto wengine wa walowezi. Alikua na watoto wa Kinandi na Kipsigis waliokuwa shambani, akajifunza lugha yao pamoja na Kiswahili, akatembea pekupeku na kwenda nao mawindoni akiwa na mkuki. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aliyeitwa Kibii. Walipokuwa watu wazima, Kibii akijulikana kama arap Ruta, alifanya kazi naye kwa miaka mingi, kwanza kwenye farasi kisha kwenye ndege. Akiwa bado mdogo, Beryl alirukiwa na simba aliyekuwa akifugwa na jirani, akaponea chupuchupu na kubaki na makovu.

Tusisahau kwamba usawa wao ulikuwa wa utotoni tu. Walipokua, Kibii alikuwa mfanyakazi na Beryl mwajiri. Ndivyo koloni lilivyopanga mambo.

Ukame ulipoharibu biashara ya babake, mzee aliamua kwenda Peru kutafuta riziki. Beryl, ambaye hata miaka 20 hakuwa ametimiza, aliamua kubaki. Alichukua leseni ya kufunza farasi wa mashindano akiwa na umri wa miaka 18, jambo ambalo wanawake hawakuwa wakilifanya. Farasi wake wakaanza kushinda Nairobi.

Katika ndoa hakubahatika. Aliolewa mara tatu na kuachana na wote. Jina Markham alilipata kwa mume wa pili, Mansfield Markham. Walipata mtoto mmoja wa kiume, Gervase, mwaka wa 1929. Mtoto huyo alilelewa Uingereza na familia ya baba yake, naye Beryl akarudi Kenya. Wanaomsifu kwa ujasiri wake aghalabu huipita sehemu hii haraka, lakini ni sehemu ya maisha yake na mtoto ndiye aliyelipa gharama.

Mwaliko wa kwenda Voi

Mwaka wa 1929 mwanamke anayeitwa Florence Wilson alianzisha kampuni ya ndege jijini Nairobi, Wilson Airways. Uwanja wa Wilson unaoujua leo una jina lake. Rubani mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Tom Campbell Black, na ndiye aliyemfunza Beryl kuruka mwaka wa 1931.

Katika mwaka huo huo rafiki yake Beryl, Denys Finch Hatton, alikuwa na ndege yake mwenyewe aina ya Gipsy Moth. Ilikuwa ndege nyepesi yenye mabawa mawili upande wa juu na mawili upande wa chini, na viti viwili visivyo na paa. Denys alikuwa Mwingereza wa ukoo wa mabwanyenye aliyekuwa akiwaongoza matajiri katika safari za kuwinda. Miongoni mwa wageni wake alikuwa mrithi wa ufalme wa Uingereza, Edward. Watu wengi wanamjua Denys kwa sababu ya vitabu na filamu kuhusu mwandishi Karen Blixen aliyeishi Nairobi, katika eneo ambalo leo linaitwa Karen.

Denys alikuwa na wazo jipya. Tangu zamani, mwindaji aliyetaka ndovu wa pembe kubwa katika nyika za Voi na Tsavo alitembea siku nyingi akifuata nyayo, na mara nyingi alirudi mikono mitupu. Je, kama mtu angewatafuta kwa ndege? Eneo la kutembea juma zima, ndege ingelimaliza kwa asubuhi moja.

Hebu tufanye hesabu. Kutoka Nairobi hadi Voi kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 300. Kwa barabara ni zaidi kidogo, kama 330. Gipsy Moth ilienda takriban kilomita 135 kwa saa, kwa hivyo Voi ilikuwa saa mbili na ushei kutoka Nairobi. Treni ya siku hizo ilikuwa safari ya usiku. Kwa watu wa wakati huo hilo lilikuwa ajabu. Voi yenyewe ilikuwa mji mdogo wa stesheni na mashamba ya mkonge, mahali ambapo reli ya Taveta ilichepuka kutoka reli kuu.

Kulingana na kumbukumbu alizoandika Beryl baadaye, Denys alimwalika waende pamoja Voi kujaribu mbinu hiyo. Alikubali. Lakini mwalimu wake, Tom, alimwomba asiende. Tom hakuwa na sababu ya kueleweka, ila moyo wake ulikataa tu. Beryl akabaki Nairobi.

Asubuhi ya Mei 14, 1931, Denys aliondoka kwenye uwanja wa Voi baada ya kulala mjini humo. Ndani ya ndege alikuwa na Kamau, Mkikuyu aliyekuwa mtumishi wake. Ndege ilipaa, ikazunguka, kisha ikaanguka karibu na uwanja na kushika moto. Wote wawili walikufa papo hapo.

Mwili wa Denys ulipelekwa Nairobi na kuzikwa kwenye vilima vya Ngong. Nduguye alijenga mnara juu ya kaburi, nao upo hadi leo. Kamau, aliyeruka ndege ile ile na kufa dakika ile ile, hutajwa vitabuni kwa jina moja tu na kwa mstari mmoja au miwili. Kijana wa Mbololo akisimuliwa habari za ajali ya Voi, ni haki asikie kwamba waliokufa ni wawili.

Kupanda badala ya kuogopa

Wengine wangeacha kuruka siku hiyo hiyo. Beryl, aliyekuwa na umri wa miaka 28 na ndiyo kwanza anajifunza, aliendelea na masomo. Wiki chache baadaye aliruka peke yake kwa mara ya kwanza, kisha akapata leseni. Mwaka wa 1933 alipata leseni ya kuruka kibiashara, na akawa mwanamke wa kwanza nchini Kenya kuwa nayo.

Kazi ilikuwa ya kila aina. Alibeba barua, abiria, dawa, hata hewa ya oksijeni kwa mgonjwa aliyekuwa kwenye machimbo ya dhahabu. Hakukuwa na minara ya kuongozea ndege. Hakukuwa na redio ndani ya ndege yake. Viwanja vingi vilikuwa vipande vya nyasi vilivyofyekwa, na usiku mtu wa chini aliwasha mioto ili rubani ajue pa kutua. Ramani nazo zilikuwa na sehemu nyeupe, ambazo wachoraji hawakuwa wamezifikia.

Na lile wazo la Denys? Beryl alilichukua akalifanya kazi. Aliruka kutoka Nairobi hadi kambi za wawindaji katika nyika za Ukambani na Tsavo, akatafuta makundi ya ndovu na kuwadondoshea wawindaji ujumbe. Aliandika kwenye karatasi mahali ndovu walipo, walivyo wengi na njia ya kuwafikia, akaiweka kwenye mkoba uliofungwa tepe za rangi ya buluu na dhahabu, rangi za wapanda farasi wake, ili uonekane vichakani. Mmoja wa wawindaji aliofanya nao kazi ni Bror Blixen, aliyekuwa mume wa Karen.

Leo tunaiangalia kazi hiyo kwa jicho lingine. Ndovu aliyeonekana na Beryl kutoka juu alikuwa ndovu wa kufa, na pembe zake zilikuwa za kuuzwa. Yeye mwenyewe, katika maandishi yake, hakuonekana kutulia moyo kuhusu kutumia ndege kumsaka mnyama ambaye hana namna ya kujificha. Miaka mingi baadaye mbinu ile ile iligeuzwa. Tsavo ilitangazwa mbuga ya taifa mwaka wa 1948, na siku hizi ndege hupita juu ya nyika hiyo kuhesabu ndovu ili walindwe. Wakazi wa viunga vya Voi pia wanaijua helikopta ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ikija kuwarudisha ndovu mbugani baada ya kuingia mashambani.

Nairobi hadi London, hatua kwa hatua

Leo ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi London hukata karibu kilomita 6,800 kwa takriban saa tisa. Unakula, unalala, unaamka umefika.

Mwaka wa 1932 Beryl aliifunga safari hiyo peke yake katika ndege ndogo aina ya Avro Avian. Alikuwa na mwaka mmoja tu tangu apate leseni ya kwanza, au hata chini ya hapo. Baadaye aliirudia njia hiyo, ikiwemo safari ya 1936 akiwa na Bror Blixen.

Njia yenyewe haikunyooka. Ndege ndogo hubeba mafuta kidogo, kwa hivyo inabidi iruke kama panzi, kutoka kisima kimoja cha mafuta hadi kingine. Kutoka Nairobi marubani walielekea kaskazini hadi Juba, kisha Malakal, Khartoum, Wadi Halfa na Cairo, wakifuata mto Nile. Mto ulikuwa ramani ambayo hata upepo haukuweza kuipeperusha. Sehemu ya kuogopwa zaidi ilikuwa Sudan Kusini ya leo, yenye vinamasi visivyo na mwisho. Injini ikizimika hapo, hata ukitua salama hakuna atakayekuona. Kutoka Cairo walipita pwani ya Libya hadi Tunis, kisha wakavuka bahari ya Mediterania.

Ndiyo maana umbali uliosafiriwa ulikuwa mkubwa kuliko ule wa mstari ulionyooka, na muda ulihesabiwa kwa siku. Kulikuwa na siku za vumbi, siku za kungoja fundi na siku za kungoja kibali. Libya ilikuwa chini ya Italia wakati huo, na maafisa wake walipenda sana karatasi. Rubani angeweza kuwa na mafuta, hali nzuri ya hewa na injini nzima, na bado akae chini akingoja mhuri.

Wakati huo dunia nzima ilikuwa na homa ya kupunguza muda wa safari. Mwaka wa 1934 mwalimu wake Tom Campbell Black na mwenzake C. W. A. Scott walishinda mashindano ya kutoka Uingereza hadi Melbourne, Australia, zaidi ya kilomita 18,000, kwa chini ya saa 72. Meli ya wakati huo ilihitaji wiki kadhaa.

Upande mgumu wa Atlantiki

Bahari ya Atlantiki ilikuwa imeshavukwa kwa ndege. Charles Lindbergh, Mmarekani, aliruka peke yake kutoka New York hadi Paris mwaka wa 1927 kwa saa 33 na nusu. Amelia Earhart, naye Mmarekani, alivuka peke yake mwaka wa 1932 kutoka Newfoundland hadi Ireland Kaskazini kwa karibu saa 15.

Angalia walikoelekea. Wote wawili walitoka magharibi kwenda mashariki. Juu ya Atlantiki ya kaskazini upepo mwingi huvuma upande huo huo, kwa hivyo wao walisukumwa. Kurudi upande wa pili ni kupambana na upepo wa mbisho, kama wanavyouita mabaharia wetu wa pwani. Jim Mollison wa Uingereza alikuwa amefaulu peke yake mwaka wa 1932, akianzia Ireland. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefaulu peke yake kutoka Uingereza.

John Carberry, mlowezi tajiri wa Kenya, alikuwa akitengenezewa ndege mpya aina ya Vega Gull kwa ajili ya mashindano ya kutoka Uingereza hadi Johannesburg. Alimwambia Beryl kwamba atamwazima ndege hiyo avuke nayo Atlantiki, mradi airudishe kabla ya mashindano. Beryl akakubali. Tuseme ukweli, nafasi kama hii haikuwepo kwa kijana wa Kitaita wa wakati huo, awe hodari kiasi gani. Milango ya viwanja vya ndege ilikuwa wazi kwa wazungu waliojuana na wazungu wengine. Hata hivyo, ndege ya kuazimwa haikufanyi uvuke bahari. Hiyo kazi inabaki yako.

Ndege iliitwa The Messenger, yaani Mjumbe. Iliongezwa matangi ya mafuta hadi ndani ya chumba cha rubani, ili iweze kukaa angani kama saa 24. Redio haikuwekwa. Mollison alimwazima Beryl saa yake ya mkononi, ile aliyovuka nayo yeye mwenyewe, akamwomba asiiloweshe. Angani, saa haikuwa pambo. Bila redio na bila kuona chini, rubani alijua alipo kwa kuhesabu tu: nimeruka saa ngapi, kwa kasi gani, kuelekea wapi.

Septemba 4, 1936, karibu saa moja jioni, Beryl aliondoka uwanja wa Abingdon nchini Uingereza. Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Mvua, mawingu na giza vilimfuata karibu njia nzima.

Matangi yalikuwa na utaratibu wake. Hakuna kipimo kilichoonyesha mafuta yaliyobaki katika matangi ya ndani. Ilibidi aache tangi moja liishe kabisa, injini inyamaze, ndipo afungue la pili. Usiku wa manane, juu ya maji meusi, tangi la kwanza liliisha. Injini ikanyamaza, ndege ikaanza kushuka. Akapapasa gizani hadi akapata bomba la tangi lililofuata. Ndege ilishuka na kushuka, na injini iliponguruma tena mawimbi hayakuwa mbali.

Asubuhi iliyofuata aliona nchi kavu. Alikuwa amefika pwani ya Kanada, na New York ilikuwa bado zaidi ya kilomita elfu moja mbele. Tangi la mwisho lilikuwa na mafuta ya kutosha kufika alikotaka kuongeza, lakini injini ilianza kukohoa. Barafu ilikuwa imeziba tundu la kupitishia hewa ya tangi, na mafuta hayakuweza kushuka vizuri. Alishuka kwenye uwanda uliofanana na nchi kavu, kumbe ni tope. Magurudumu yakazama, pua ya ndege ikajichimbia, naye akagonga kichwa akaanza kuvuja damu. Wavuvi walimkuta akitembea kwenye tope hilo katika kijiji cha Baleine, kisiwa cha Cape Breton.

Alikuwa angani kwa saa 21 na dakika 25.

Hesabu ya upepo

Sasa chukua kalamu. Kutoka Abingdon hadi Baleine kwa njia fupi zaidi ni kama kilomita 4,200. Gawa kwa muda aliotumia, utapata kilomita 196 hivi kwa saa. Lakini Vega Gull ilikuwa ndege ya kwenda zaidi ya kilomita 240 kwa saa hewa ikiwa tulivu. Kwa kasi hiyo angefika kwa saa 17 na nusu. Zile saa nne zilizozidi zilichukuliwa na upepo kwa sehemu kubwa, pamoja na uzito wa mafuta na kuyumba kwa njia.

Ndiyo hiyo saa moja ya ndege ya Nairobi na New York. Ndege za leo huruka kilomita 10 au 12 juu ya ardhi. Huko, upepo wa kutoka magharibi katika maeneo ya kaskazini unaweza kupita kilomita 200 kwa saa majira ya baridi. Ndege inayoelekea Marekani inaupinga, na inayorudi inaupanda kama mtu aliyedandia lori. London hadi New York ni karibu saa nane, lakini kurudi mara nyingi ni saa saba au chini yake.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wengi. Ukiangalia kwenye simu njia ya ndege ya masafa marefu, inaonekana imepinda kama upinde. Si kwamba rubani amepotea. Dunia ni mviringo na ramani ni bapa. Chukua chungwa na uzi, vuta uzi kati ya nukta mbili, utaona njia fupi inavyofuata mgongo wa chungwa. Ukiichora kwenye karatasi, lazima ipinde.

Kwa hivyo mtu akikuuliza ni saa ngapi kutoka mji fulani hadi mwingine, mwulize kwanza anaelekea upande gani, anatua wapi, na msimu gani.

Baada ya shangwe

New York ilimpokea Beryl kwa shangwe, bandeji ikiwa kichwani. Furaha haikudumu. Septemba 19, 1936, majuma mawili tu baada ya safari hiyo, Tom Campbell Black aliuawa Liverpool. Hakuwa hata angani. Ndege nyingine iliigonga yake ikiwa bado chini uwanjani. Mtu aliyemzuia Beryl kupanda ndege ya Voi alikufa kwa ajali ya ndege ambayo haijapaa.

Beryl alihamia Marekani, na mwaka wa 1942 kikatoka kitabu chake cha kumbukumbu, West with the Night. Wapo waliodai kwamba mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika, na ubishi huo haujaisha. Kitabu kilisifiwa lakini dunia ilikuwa vitani, kikasahaulika.

Mwishoni mwa miaka ya arobaini au mwanzoni mwa hamsini alirudi Kenya, akarudia farasi. Alishinda mashindano makubwa ya Derby mara sita. Uzeeni alikuwa hana kitu, akiishi katika nyumba ndogo kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Kisha, mwaka wa 1983, kitabu chake kilichapishwa upya Marekani na kikanunuliwa sana. Pesa na wageni vikaanza kumfikia bibi kizee ambaye majirani wengi hawakujua kwamba aliwahi kuvuka bahari peke yake. Alifariki jijini Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Milango ambayo wakati wake ilikuwa ya wachache imefunguka. Irene Koki Mutungi alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa rubani wa Kenya Airways, na baadaye mwanamke wa kwanza Mwafrika kuwa nahodha wa ndege aina ya Boeing 787, aina ile ile inayokwenda New York. Voi nayo ina uwanja mdogo wa ndege wa Ikanga, na SGR inayotoka Nairobi hufika Voi kwa kama saa nne.

Kijana wa Mbololo anayetaka kuwa rubani atahitaji ada, na ada ya shule ya urubani si mchezo. Lakini kabla ya ada kuna hesabu, fizikia na jiografia, masomo ambayo wengi huyakimbia wakiuliza yatawasaidia wapi. Beryl aliyahitaji yote usiku mmoja, gizani, akiwa na saa ya kuazimwa mkononi na tangi moja la mafuta lililobaki.